Penang kwa mlaji na mtembezi: vibanda, mlima na hifadhi

Kisiwa cha Penang, kilichoko kwenye pwani ya kaskazini-magharibi ya Malaysia, husifiwa kwa mambo mawili ambayo mara nyingi huandikwa kana kwamba hayahusiani: chakula cha vibandani katika mji wa George Town, na misitu ya milima inayoanza pale majengo ya mji yanapokwisha. Sifa zote mbili ni za haki. Hata hivyo, mgeni anaweza kukaa huko siku kadhaa, akala vibaya na asiuone msitu wowote wa maana, kwa sababu tu alifika kila mahali saa isiyofaa. Ratiba za kawaida za watalii humpeleka mtu mlimani saa nne asubuhi na vibandani saa moja jioni, yaani wakati uleule ambao wengine wote wanapelekwa. Kibanda kilichokaanga vizuri mchana huwa kimeelemewa, na mlima uliokuwa na ukimya alfajiri huwa umegeuka foleni. Kwa hiyo katika mapitio haya nitataja saa mara nyingi kuliko majina ya mikahawa.

Nianze na mji. George Town iliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2008, pamoja na mji wa Melaka ulioko kusini zaidi. Kilichohifadhiwa hasa ni safu za nyumba nyembamba zenye duka chini na makazi juu, na katika nyumba hizo ndimo mikahawa ya zamani, inayoitwa kopitiam, inamoendelea kufanya kazi kwa utaratibu unaoweza kumtatiza asiyeelezwa. Mwenye mkahawa huuza vinywaji tu. Vyakula huuzwa na wachuuzi waliokodi nafasi mbele au pembeni, kila mmoja akiwa na jiko lake na, kwa kawaida, chakula chake kimoja. Unatafuta meza kwanza na kukariri namba yake, unamwendea mchuuzi na kuagiza, unamtajia meza, kisha unarudi kukaa. Chakula kikiletwa unalipa papo hapo, na ni vyema uwe na noti ndogo za ringgit, fedha ya Malaysia, mfukoni. Kinywaji utaagiza kwa mtu mwingine kabisa, naye atadai fedha yake peke yake. Kukaa bila kuagiza hata kikombe cha kahawa ni kumnyima mwenye nyumba riziki, na baadhi ya mikahawa hubandika ukutani tangazo kwamba asiyekunywa atatozwa nyongeza. Meza ikiwa na nafasi, watu usiowajua watakaa nawe, na si lazima mzungumze.

Utaratibu huu ndio chanzo cha ubora wa chakula chenyewe. Mchuuzi anayepika kitu kimoja kila siku kwa miaka mingi, na pengine alikirithi kwa mzazi wake, hana haja ya orodha ndefu ya vyakula, wala hana pa kujificha akikosea. Lakini kwa kuwa ni mtu mmoja au mume na mke, hufungua anapoweza na hufunga chakula kinapokwisha. Wapo wanaomaliza kabla ya saa sita mchana na wapo wasiowasha moto hadi jioni. Wengi hupumzika siku moja katikati ya wiki, tena bila kutangaza. Mgeni anayeshikilia kwamba lazima ale kwa mchuuzi fulani aliyemsoma mahali atazunguka sana juani. Afadhali achague mtaa na saa, kisha aangalie nani ana moto na nani ana wateja wanaoonekana kuwa wakazi.

Char kway teow ndicho chakula ambacho ningependa mgeni aanze nacho, kwa kuwa hupikwa mbele ya macho na humfundisha kutofautisha mpishi na mpishi. Mpishi mzuri hupika sahani moja moja, au mbili kwa mara moja, hata foleni ikiwa ndefu. Karai likianza kutoa moshi hutupia vitunguu saumu na kamba, kisha tambi bapa za mchele, sosi ya soya na pilipili ya kusaga. Husukuma vyote pembeni, huvunja yai katika nafasi iliyobaki, hulifunika kwa tambi, na mwishoni kabisa hutia chipukizi za choroko, majani ya vitunguu na kombe, ambao wakikaa motoni zaidi ya muda mfupi huwa kama mpira. Kazi nzima huchukua dakika chache tu. Tambi zikija zimekauka, zina madoa ya kuungua na harufu ya moshi, basi umepata; zikija zimelowa na kushikana, mpishi alijaza karai ili kupunguza foleni. Hapo ndipo saa inapoingia: kufika nusu saa kabla ya msongamano wa mchana kumenipa sahani bora kuliko zile zilizopikwa kwa jina kubwa zaidi saa saba. Vibanda vingi hutoza takriban ringgit 8 hadi 12, na nyongeza ndogo hukupatia yai la bata badala ya la kuku, nyongeza ambayo ninaipendekeza bila kusita.

Msomaji Mwislamu aelewe mapema kwamba char kway teow ya wapishi wa Kichina mara nyingi hukaangwa kwa mafuta ya nguruwe, na vijipande vya mafuta hayo hunyunyizwa juu kama kikolezo. Wapo wapishi wa Kimalei na wa Kihindi Waislamu wanaopika ya kwao bila nguruwe, na ya baadhi yao haiachwi mbali. Katika vituo vikubwa vya vibanda, upande wa chakula halali na upande mwingine huwa na meza zake, na kubeba sahani kutoka upande mmoja hadi mwingine ni jambo litakalokemewa, kwa haki kabisa.

Assam laksa ni kitu kingine. Ni supu ya tambi nene za mchele katika mchuzi wa vibua waliochambuliwa, mchuzi wenye ukali wa ukwaju, juu yake zikiwekwa nanasi, tango, vitunguu, nanaa, pilipili na vipande vya chipukizi la ua la jamii ya tangawizi ambalo harufu yake ndiyo inayobaki puani baada ya bakuli kuondolewa. Pembeni huja kijiko chenye rojo nyeusi nzito ya uduvi. Wageni wengi huikoroga yote kwa mara moja, kisha hulalamika kwamba supu inanuka. Ni afadhali kuonja mchuzi mtupu kwanza, halafu kuongeza rojo hiyo kidogo kidogo hadi ukali na utamu vikutane. Chakula hiki hakina tui, wala hakifanani na laksa ya Singapore, na anayekuja akitarajia supu nzito ya nazi atadhani ameletewa kitu kingine. Kwa ladha yangu, hiki ndicho chakula kikubwa cha kisiwa, na faida yake ni kwamba hakiathiriwi sana na msongamano, kwa sababu mchuzi ulichemka tangu asubuhi. Kwa kweli bakuli la alasiri huwa limekolea zaidi.

Nasi kandar ni urithi wa wachuuzi Waislamu wenye asili ya India ya kusini, ambao zamani walipita mitaani na bandarini wakiwa na mzegazega begani, wali upande mmoja na michuzi upande wa pili. Sasa ni chakula cha mikahawa, na Hameediyah, ulioanzishwa mwaka 1907, ndio unaotajwa kuwa mkongwe kuliko yote. Unasimama mbele ya masinia, unaonyesha kitoweo unachotaka, na mpakuaji humwagia wali michuzi kadhaa tofauti juu kwa juu. Huko kuchanganya michuzi ndiko utamu wenyewe. Anayeomba mchuzi mmoja tu, pembeni, amekula wali na kuku wa kawaida. Tahadhari moja ni ya bei: kamba wakubwa, mayai ya samaki na ngisi hawana bei iliyoandikwa, na hesabu hufanywa kwa macho mwisho wa safu. Katika mkahawa mmoja niliona wageni wawili wa meza ya jirani wakilipa zaidi ya mara tatu ya nilicholipa mimi, kwa sababu ya kipande kimoja cha samaki ambacho hawakukiulizia. Kuuliza kabla ya kupakuliwa hakumkasirishi mtu.

Kwa vitamu, cendol inatosha: tambi fupi za kijani zenye harufu ya majani ya jamii ya mkadi, maharagwe mekundu, tui, sukari nyeusi ya mnazi na barafu iliyoparuzwa. Kijia cha Lebuh Keng Kwee kina kibanda maarufu cha tangu mwaka 1936, na watu hula wamesimama ukingoni mwa barabara. Ni nzuri, na hailiwi kwa zaidi ya dakika tano, maana barafu haisubiri.

Umaarufu nao una gharama zake. Mwishoni mwa mwaka 2022 mwongozo wa mikahawa wa Michelin ulitolewa kwa mara ya kwanza kwa Kuala Lumpur na Penang, na tangu hapo vibandiko vyake vyekundu vimekuwa dira ya wageni wengi. Sina ugomvi na uteuzi wenyewe, kwani wapishi kadhaa waliotajwa wanastahili kabisa. Tatizo ni kwamba mchuuzi mwenye jiko moja hawezi kuongeza jiko la pili kwa sababu ametajwa, na foleni ya saa nzima juani kwa ajili ya sahani ambayo jirani yake wa hatua ishirini anaipika kwa kiwango karibu sawa ni matumizi mabaya ya siku. Vilevile, kituo kimoja kikubwa cha vibanda kando ya bahari, ambacho kila dereva hukipendekeza, kilinipa tambi vuguvugu na supu iliyoongezwa maji, kwa bei ya juu kuliko mjini. Kilikuwa kimejaa, na upepo wa bahari ulikuwa mzuri; sifa za kituo hicho zinaishia hapo.

Sasa mlima. Penang Hill, ambao kilele chake kirefu kina mita 833, una reli ya treni inayovutwa kwa kebo iliyofunguliwa mwaka 1923. Kwa miongo mingi abiria walibadilisha behewa katikati ya safari iliyochukua kama nusu saa. Tangu mabehewa mapya yaanze kazi mwaka 2011, safari ni ya moja kwa moja na humalizika kwa dakika chache, ikipita katika mwinuko mkali na handaki fupi. Treni huanza kazi kama saa kumi na mbili na nusu asubuhi, na ushauri wangu ni kupanda ile ya kwanza au ya pili. Wakati huo abiria ni wakazi wazee wanaokwenda kufanya mazoezi, hewa ya juu ina ubaridi, na mji, mlango-bahari na madaraja mawili yanayokiunganisha kisiwa na bara huonekana kabla ukungu wa joto haujafunika. Mgeni hulipa nauli kubwa kuliko raia, na kuna tiketi ya bei ya juu zaidi ya kuruka foleni. Anayefika alfajiri haihitaji.

Wengi hupiga picha kwenye ukingo wa kituo cha juu, hununua kitu cha kula na kushuka. Wanaacha nyuma jambo lenyewe. Barabara nyembamba inayoondoka kituoni kuelekea magharibi huingia msituni baada ya mwendo mfupi, na huko liko eneo la The Habitat, ambalo lina kiingilio chake na njia iliyotengenezwa vizuri kupita katika msitu wa mvua, pamoja na daraja la kuning'inia la mita 230 linalokupitisha kwenye usawa wa vilele vya miti. Hapo ndipo nilipomtazama kwa muda mrefu kima mwenye miwani, jamaa wa mbega, mwenye manyoya ya kijivu na duara jeupe kuzunguka kila jicho. Alikuwa akichuma majani machanga, akinusa kila moja kabla ya kulitia mdomoni na kuyatupa yaliyokomaa. Mtoto wake alikuwa na rangi ya chungwa iliyokolea, kwani ndivyo wanavyozaliwa. Ukimya ulihitajika ili kuwaona, na saa tatu baadaye, makundi yalipofika, sikuona hata mmoja.

Mwenye miguu imara anaweza kushuka kwa miguu hadi Bustani ya Mimea, iliyoanzishwa mwaka 1884, kwa barabara ya magari ya mlimani yenye urefu wa takriban kilomita tano. Ni mteremko unaoumiza magoti kuliko unavyotazamiwa, na kwa anayepanda ni adhabu. Mandhari yake ni mazuri bila kuwa ya ajabu.

Kilichonishangaza zaidi ni Hifadhi ya Taifa ya Penang, katika pembe ya kaskazini-magharibi ya kisiwa, ambayo wageni wengi huiruka kwa kuwa ni ndogo na haina mnyama mkubwa wa kujivunia. Ilitangazwa mwaka 2003, na mwaka 2021 misitu na maji yake vilijumuishwa, pamoja na mlima, katika hifadhi ya bayosfia, yaani eneo la viumbe hai na mazingira yao, inayotambuliwa na UNESCO. Basi namba 101 kutoka mjini hufika Teluk Bahang, lango la hifadhi, baada ya kupita hoteli za Batu Ferringhi. Safari inaweza kuzidi saa moja, kwa hiyo ondoka mapema. Langoni unajiandikisha, jambo ambalo ni la usalama wako mwenyewe. Mbele kidogo njia hugawanyika: ya kulia hufuata ufuko hadi Teluk Duyung, ufuko unaojulikana kwa tumbili wake, na kuendelea hadi mnara wa taa wa Muka Head uliojengwa mwaka 1883, ya kushoto hupanda kilima na kuteremkia Pantai Kerachut.

Kama una nafasi ya njia moja, chagua ya kushoto. Huchukua kama saa moja na nusu kwa mwendo wa wastani, sehemu kubwa ikiwa chini ya kivuli, juu ya mizizi iliyojipanga kama ngazi. Joto si kali, lakini unyevu ni mwingi mno, na lita moja ya maji kwa mtu haitoshi. Kabla ya kufika ufukoni unakutana na ziwa ambalo ndilo linaloitofautisha hifadhi hii: maji ya vijito yasiyo na chumvi hukaa juu, maji ya bahari yanayoingia hukaa chini, na tabaka hizo mbili hazichanganyiki. Anayetarajia kuona mpaka kati yake atasikitika, maana kwa macho ni ziwa la kawaida lenye rangi ya kahawia. Tena ni la msimu. Katika miezi ya ukame linaweza kupungua hadi kubaki tope na nyasi, na daraja linalolivuka likaonekana halina kazi. Kwa hiyo anayelifuata ziwa lenyewe asiende Januari au Februari, miezi ambayo kwa kawaida mvua ni chache, ingawa ndiyo miezi bora ya kutembea msituni.

Ufuko wa Kerachut ni mpana na mzuri, nao si wa kuogelea, kwa sababu ya mikondo na yavuyavu wanaowasha; mabango yanasema hivyo na yaheshimiwe. Kasa hupanda ufukoni hapo kutaga, na Idara ya Uvuvi ina kituo kidogo ambako mayai huzikwa katika mchanga uliozungushiwa wavu ili yasichimbwe na wanyama. Kila shimo lina kibao chenye tarehe na idadi ya mayai. Katika beseni kulikuwa na vitoto vilivyoanguliwa karibuni, kila kimoja kikiweza kuenea kiganjani, vikipiga makasia kuelekea upande uleule wa ukuta bila kuchoka. Kituo hakina vionjo vya kitalii, na mhudumu alijibu maswali kwa subira kubwa. Nilikaa hapo muda mrefu kuliko ufukoni.

Kurudi, unaweza kukodi boti hadi gati la Teluk Bahang. Bei huhesabiwa kwa boti, si kwa kichwa, hivyo subiri wenzako wajae au upatane nao mlipie pamoja, na mpange saa ya kuchukuliwa kabla ya kuanza kutembea, kwani alasiri bahari ikichafuka wenye boti hawaji. Upande wa tumbili, chakula kiwe kimefungwa ndani ya mkoba wenye zipu. Mfuko wa plastiki mkononi, hata ukiwa na viatu tu, wao wanauhesabu kuwa mali yao.

Anayebakiwa na siku moja aitumie Balik Pulau, upande wa magharibi wa kisiwa, ambako mji mdogo umezungukwa na mashamba ya matunda na kungumanga. Laksa ya huko huuzwa kwa namna mbili katika kibanda kimoja, ya ukwaju na ya tui, na wenye tamaa huomba bakuli lenye mchanganyiko. Kuanzia takriban mwezi wa Mei au Juni hadi Agosti ni msimu wa tunda la doriani, na mashamba kadhaa hupokea wageni. Doriani huachwa lidondoke lenyewe, mara nyingi usiku, na huokotwa asubuhi. La asubuhi hiyo lina uchungu kidogo na ladha inayochangamka mdomoni, na linapokaa hadi kesho yake hubaki utamu mtupu. Huuzwa kwa kilo pamoja na ganda, kwa bei inayopishana sana kati ya aina na aina, kwa hiyo ulizia bei ya aina uliyoonyeshwa kabla halijapasuliwa. Omba kuonja aina ya Ang Heh, ambayo ni fahari ya kisiwa, na ulimalize palepale mezani, kwa sababu hoteli nyingi mjini zina alama mlangoni inayokataza tunda hilo na hutoza faini chumba kikikutwa kinanuka.